Kuandika Wosia si Kujichuria

Katika ofisi ya parokia yetu kuna kabati la mbao lenye vitabu vinne vikubwa: kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha wafu. Mimi ni karani wa vitabu hivyo. Watu waja kwangu kwa mambo mengi ya furaha. Huyu ataka kubatiza mtoto, yule ataka ndoa yake itangazwe, mwingine ataka cheti cha mwanawe anayekwenda shule. Lakini wapo wanaokuja wakiwa na nguo za msiba, nao hawaketi katika benchi moja. Huyu hukaa mlangoni, yule hukaa dirishani. Hata kabla hawajasema neno, nakwisha jua: baba amekufa, wala hakuacha wosia.

“Karani, tupatie cheti cha ndoa ya baba na mama.” “Karani, tuangalizie kama yule kijana alibatizwa kwa jina la baba yetu.” Nami nafungua kitabu, nawaonyesha tarehe, jina la padre na majina ya wasimamizi. Lakini kitabu changu hakiwezi kusema shamba la bondeni ni la nani. Hakiwezi kusema marehemu alitaka nani akae katika nyumba. Mtu aliyeyajua hayo amekwisha lala kaburini, na maneno yake amekwenda nayo.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze habari ya wosia, na mahali pa kupata msaada wa sheria. Mimi si wakili. Ni karani tu niliyesomea ualimu. Lakini jambo hili nimelijua kwa gharama, na nitakueleza gharama yenyewe.

KARATASI ILIYOSUBIRI PASAKA

Baba yangu alikufa mwezi wa Agosti mwaka 2011. Wakati ule nilikuwa katika chuo cha ualimu. Krismasi iliyotangulia, baada ya kula, aliniita nje akaniambia: “Wewe una mwandiko mzuri. Lete karatasi tuandike mambo ya shamba na nyumba, maana kifua changu hiki hakinipendezi.” Nikacheka. Nikamjibu: “Baba, hayo ni mambo ya wazee wasiojiweza. Wewe bado walima. Tutaandika Pasaka.” Pasaka sikufika nyumbani, kwa kuwa nauli ilinipungukia. Agosti nilifika kumzika.

Usiku wake wa mwisho baba alisema maneno yake mbele ya mama na jirani mmoja. Nyumba na shamba la kahawa viwe vya mama mpaka atakapokufa, kisha tugawane sisi watoto watano, wavulana na wasichana sawasawa. Shamba la bondeni liwasomeshe wadogo zangu wawili. Yalikuwa maneno mazuri. Baada ya matanga mama akayasema katika kikao cha ukoo. Baba mdogo akasimama akauliza: “Shemeji, nani mwingine aliyasikia?” Jirani akainuka. Akaulizwa: “Wewe ni wa ukoo gani?” Akaketi.

Baadaye nilijifunza kwamba sheria za mila zataka wosia wa mdomo usikiwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, na mke aliyepo nyumbani ahudhurie juu ya hao. Baba alikuwa na mke wake na shahidi mmoja. Basi maneno yake hayakuwa na nguvu.

Sitaki umdhanie baba mdogo kuwa mwizi. Ni mtu wa kusali, tena ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha kwanza. Yeye aliamini kwa moyo wake wote kwamba shamba la ukoo likiachwa mkononi mwa mwanamke, litatoka katika ukoo. Akafanya kikao kingine ambacho mama hakuitwa, akachukua muhtasari mpaka mahakamani, akapata kuwa msimamizi wa mirathi. Kwa misimu miwili kahawa ilivunwa na wengine. Shamba la bondeni likauzwa. Mdogo wangu wa kike akaacha shule kidato cha pili, kwa kuwa hapakuwa na fedha.

Aliyetuokoa ni mama mmoja fundi cherehani wa kijiji cha jirani, aliyekuwa amefundishwa kazi ya usaidizi wa sheria. Hakutaka hata senti. Aliketi na mama yangu, akamwandikia maombi ya kutengua usimamizi ule, akamweleza aseme nini mbele ya hakimu na achukue karatasi zipi. Mimi nilipeleka cheti cha ndoa yao kutoka parokiani. Mwaka 2014 mahakama ilimweka mama na kaka yangu kuwa wasimamizi. Nyumba na shamba la kahawa vilirudi. La bondeni halikurudi. Mnunuzi alikwisha jenga, na fedha zilikwisha liwa. Wala masomo ya mdogo wangu hayakurudi. Leo ni mama wa watoto wawili, naye hajapata kunilaumu. Lakini kila akiniomba nimsomee barua ya Kiingereza kutoka shuleni kwa watoto wake, nakumbuka karatasi ile iliyosubiri Pasaka.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Maana yake mwisho watapatana. Lakini sisi na baba mdogo mpaka leo twasalimiana mlangoni pa kanisa tu. Harusi yangu hakuja.

USIPOANDIKA, NANI ATAAMUA?

Nisemayo hapa ni mambo ya Tanzania Bara. Zanzibar wana taratibu zao.

Wakatoliki wengi wadhani kwamba wakifa bila wosia, mali yao itagawiwa kwa sheria ya Kanisa. Sivyo. Kanisa halina sheria ya kugawa mashamba na ng’ombe. Hata Bwana wetu, mtu mmoja alipomwomba amwamuru nduguye agawane naye urithi, alikataa kuwa mgawanyi wao. Habari hiyo imo katika Injili ya Luka, sura ya 12.

Basi Mkristo akifa bila wosia, mahakama hutazama namna alivyoishi. Je, aliishi kwa kufuata mila za kabila lake, au alikwisha ziacha? Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilipata shauri la Mngoni mmoja aliyekuwa akiishi Dar es Salaam pamoja na mke wake Mchaga. Ikaona kwamba maisha yake hayakuwa tena ya kimila, na kwa hiyo mirathi yake isifuate mila. Kwa mtu wa namna hiyo hutumika sheria ya zamani iliyotoka India, ya mwaka 1865. Katika sheria hiyo mjane hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili, wala haibagui mvulana na msichana.

Lakini wewe ukaaye kijijini, ulimaye shamba la babu, uliyetoa mahari na uhudhuriaye vikao vya ukoo, yaelekea utahesabiwa kuwa mtu wa mila. Hapo huja kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, Tangazo Na. 436. Kanuni zile ziliwapanga warithi kwa madaraja matatu. Wa kwanza ni mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza. Wa pili ni wana wa kiume wengine. Wa mwisho ni mabinti. Mjane hakuwekewa fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake likasemwa kuwa ni kutunzwa na watoto wake. Fikiri basi: mama aliyepalilia kahawa miaka thelathini, fungu lake ni kutunzwa!

Kanuni hizi zimelaumiwa kwa miaka mingi. Wajane wawili Watanzania walifikisha malalamiko yao hata kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayotazama haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema kwamba wajane hao walibaguliwa na kwamba kanuni hizo zirekebishwe.

Tena si kweli kwamba mwanamke hana haki yoyote, kama wasemavyo wazee wengine vilabuni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe yu huru kukaa apendapo, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mtu amtakaye mwenyewe. Kumrithi mjane kwa nguvu kama kurithi jembe ni kuvunja sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na mila yoyote inayowanyima ardhi wanawake, watoto au watu wenye ulemavu ni batili.

Na mahakama zetu zimepata kuhukumu hivyo. Bibi mmoja mzee wa Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Alipozeeka, asiwe na mtu wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake mtoto wa nduguye akamshitaki, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikampa haki yule kijana. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akahukumu kwamba katika kurithi na kuuza shamba la ukoo, mwanamke na mwanamume wana haki sawa. Lakini usisahau mwanzo wa habari hii: wosia wa baba ndio uliomtia shamba mkononi.

Waona basi. Usipoandika wosia, watu wengine watakaa wabishane jinsi ulivyoishi, na sheria ipi ikufae. Ukiandika, umesema mwenyewe.

WOSIA ULIO HALALI

Wako watu wasemao kwamba kuandika wosia ni uchuro, ni kujiitia kifo. Ndugu yangu, kama kalamu ingaliweza kuua, makarani wote tungalikwisha kufa. Baba yangu hakuandika, na kifo kilimjua nyumba yake.

Haya ndiyo mambo ya kuangalia:

1. Mwenye kuandika awe mtu mzima wa miaka 18 au zaidi, mwenye akili timamu, na aandike kwa hiari yake. Wosia ulioandikwa kwa kutishwa, au mtu akiwa amelewa, au ugonjwa umemchukua akili, haufai kitu. Kwa hiyo andika ungali mzima.

2. Uandikwe kwa wino au upigwe chapa. Usiandike kwa penseli, maana penseli hufutika. Andika tarehe, mwezi na mwaka.

3. Weka sahihi yako. Asiyejua kuandika aweke dole gumba.

4. Wawepo mashahidi, nao waone wote kwa wakati mmoja unapotia sahihi, kisha nao watie zao. Kwa sheria za mila, anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua awe nao wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mashahidi wawe wanajua kusoma na kuandika. Ushauri wangu ni huu: hata kama wewe wajua kusoma, waite wanne. Shahidi mmoja aweza kufa kabla yako, mwingine aweza kuhama.

5. Mke, au mume, aliyepo nyumbani naye ahudhurie.

6. Mtu anayeachiwa mali katika wosia asiwe miongoni mwa mashahidi. Chagua watu wasiopata kitu. Neno la mtu asiyepata kitu haliwezi kusemwa kwamba limenunuliwa.

Nami naongeza la saba kwa ajili ya sisi watu wa Kanisa. Kama wapenda kuachia parokia chochote, ni wema. Lakini kwanza tazama mkeo, watoto wako na wazee wako. Tena wosia huo usiandikwe na padre wala na karani wa parokia. Mimi wakiniomba hukataa, nikawapeleka kwa mwingine, ili asije mtu akasema kwamba Kanisa lilimshika marehemu mkono.

UANDIKE NINI NDANI YAKE

Anza kwa jina lako kamili, umri, kijiji na dini. Sema kwamba waandika kwa hiari yako, na ya kuwa wafuta wosia wowote wa zamani. Sema wazi ni sheria ipi unayotaka mirathi yako iifuate. Kisha taja mke wako na watoto wako wote kwa majina. Nasema wote. Kama unaye mtoto nje ya ndoa, mtaje. Nimeona misiba miwili ambamo mtoto wa namna hiyo alitokea siku ya maziko, na aibu uliyoiogopa ungali hai ikawaangukia wajane na watoto wasiokuwa na kosa.

Halafu andika mali, moja moja, mahali ilipo na mipaka yake. Usiseme “shamba langu”. Sema shamba lililo karibu na mto, linalopakana na fulani upande wa mashariki. Taja ng’ombe, baiskeli au pikipiki, fedha za benki na za simu, hisa zako katika chama cha msingi au SACCOS. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika pia madeni, unayodai na unayodaiwa. Maana deni la marehemu hulipwa kwanza katika mali yake, ndipo warithi wagawane kinachobaki.

Angalia sana, usigawe kisicho chako. Shamba mlilolinunua wewe na mkeo kwa jasho lenu ninyi wawili, nusu ya mkeo si yako kuigawa. Ni vema mngali hai mpate hati ya hakimiliki ya kimila kutoka halmashauri ya kijiji, na majina yenu yote mawili yaandikwe humo. Hati ya namna hiyo hukata maneno mengi.

Taja mlezi wa watoto wadogo. Mwulize kwanza kama atakubali. Mwisho taja msimamizi wa wosia wako, mtu mwaminifu, na wa pili yake kama wa kwanza hatakuwapo.

Na kumnyima mtoto urithi? Sheria za mila zaruhusu, lakini kwa makosa makubwa tu: kama mtoto amezini na mke wa baba yake, amejaribu kumwua au kumdhuru vibaya mzazi, ameiharibu mali yake, au amekataa kumtunza katika ugonjwa au njaa. Tena sharti useme wazi katika wosia kwamba unamnyima na kwa sababu gani, naye apewe nafasi ya kujitetea. Mtoto aliyehama dini, au aliyeoa kabila usilolipenda, hajafanya kosa hata moja katika hayo. Samehe.

Wosia wako usiufiche chini ya godoro, mahali wajuapo panya tu. Waweza kuuweka kwa wakili, benki, mahakamani, kanisani, au RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa Serikali, ambao huandika na kutunza wosia za wananchi. Yule msimamizi ajue ulipo. Na mambo yakibadilika, umeoa, umezaa, umeuza au umenunua, andika mwingine.

MSAADA WAPATIKANA WAPI?

Wengi husema: “Mambo ya wakili ni ya matajiri.” Zamani labda. Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria. Sheria hiyo yawatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu wa kawaida waliofundishwa na kusajiliwa, kama yule fundi cherehani wetu. Kazi yao ni kueleza sheria, kukusaidia kupata karatasi zinazotakiwa, na kukuonyesha mlango wa kubisha. Hawasimami mahakamani kama mawakili, wala hawaruhusiwi kukutoza fedha. Akikuomba “chai” ndipo akusaidie, ujue huyo si msaidizi.

Utawapataje? Nenda katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kata au ya halmashauri yako, uulize jina la msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Waweza pia kuuliza viongozi wa Tume ya Haki na Amani katika parokia au jimbo lako. Viko na vyama vinavyotoa msaada bila malipo kwa wasio na uwezo, kama Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC), na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC). Mwaka 2023 ilizinduliwa kampeni ya Serikali ya msaada wa kisheria iliyopewa jina la Mama Samia, na wanasheria wakapita mikoani kuwasikiliza watu bure. Ukisikia wanasheria wa namna hiyo wamefika wilayani kwenu, usiseme una palizi. Nenda.

Kama unao uwezo wa kumlipa wakili, mwulize bei kabla hajaanza, na udai risiti. Jihadhari na vishoka, watu wenye tai na mkoba wakaao karibu na mahakama wakijiita mawakili. Mahakama ina orodha ya mawakili katika mtandao wake. Kijana mwenye simu ya intaneti aweza kukutazamia jina kwa dakika chache.

Unapokwenda kuomba msaada, chukua karatasi zako zote: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa au vya ubatizo vya watoto, hati au barua za mashamba, na kitambulisho. Kama cheti chako cha ndoa kimeliwa na mchwa, njoo parokiani ulikofunga ndoa. Kitabu kipo.

MSIBA UKIISHA TOKEA

Hata penye wosia, mali haigawanywi juu ya kaburi. Fuateni njia hii.

Kwanza, kifo kiandikishwe ndani ya siku 30 ili mpate cheti cha kifo. Bila cheti hicho hamwendi popote. Pili, ukoo ukae kikao, na mjane awepo, na watoto wakubwa wawepo, wa kiume na wa kike. Kikao chaweza kumpendekeza msimamizi, lakini anayemweka ni mahakama. Wewe mjane, usitie sahihi muhtasari usiosomewa. Tatu, aliyependekezwa, au aliyetajwa katika wosia, aende mahakamani kuomba. Kwa mirathi za kimila ni Mahakama ya Mwanzo. Wosia ukiwapo, upelekwe pamoja naye. Mahakama hutoa tangazo, na mwenye pingamizi huitwa aseme. Hapo ndipo pa kusema. Asiyesema mbele ya hakimu akaja kulalamika kisimani, amechelewa.

Sasa sikia neno hili, maana ndilo linalopotosha wengi: msimamizi wa mirathi si mrithi. Kupewa barua ya usimamizi si kupewa mali. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia wenye haki, na kurudi mahakamani na hesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo hesabu hiyo hutakiwa ndani ya miezi minne, kwa Fomu Na. 5 na Na. 6, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Akikaa mwaka mzima bila kurudi, au akila mali, mrithi yeyote aweza kwenda mahakamani kuomba aondolewe. Mama yangu hakujua hayo kwa misimu miwili ya kahawa. Wewe umekwisha jua.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, sisi Wakatoliki twasali kila siku tukiomba msaada saa ya kufa kwetu. Twamwomba Mtakatifu Yosefu atupatie kifo chema. Lakini kufa vema si kuungama na kupakwa mafuta tu. Ni pia kuondoka bila kuwaachia watoto wako vita. Baba aliyepanga nyumba yake huombewa kwa moyo mmoja. Aliyeiacha ovyo, hata Misa yake ya wafu wanawe hawasimami upande mmoja.

Mimi nimekwisha andika wangu. Mashahidi ni wanne, mke wangu alikuwapo, na msimamizi ajua ulipo. Mwanangu wa kike ana fungu sawa na kaka yake. Sikuugua siku ile wala siku iliyofuata, nilikwenda kulima.

Basi Jumapili hii, mkiisha kula, leteni karatasi na kalamu mezani. Na wewe kijana, mzee wako akikuambia “Lete karatasi,” usicheke kama nilivyocheka mimi. Ilete saa ile ile.